Tumbo Moja la Wanawake Wawili

Modogashe nzima ilimjua kwa jina la Timiro Kari, na wachache sana walikumbuka jina la baba yake. Kari kwa Kisomali ni chemsha. Miaka tisa alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, akizunguka vitongoji, bulla baada ya bulla, na mkoba wa buluu begani, na kila nyumba aliyoingia, salamu zikiisha tu, neno lilikuwa lile lile: maziwa yachemshwe. Watoto walipomwona kwa mbali walikimbilia ndani. "Kari anakuja!" Basi mama zao wakabandika sufuria mekoni, hata kama ni ya maji matupu, ili mgeni akute kitu kinachotokota na moyo wake utulie.

Hakuzaliwa na neno hilo mdomoni. Alizaliwa porini upande wa Habaswein, akakua kwa maziwa ya ngamia yaliyokuwa bado na joto la kiwele, na hakuna chakula alichokipenda kuliko hicho. Ukame ulipommalizia mumewe mifugo, wakahamia hapa njia panda, yanapokutana malori ya Garissa na ya Isiolo. Mume hakudumu. Alishikwa na homa ya kwenda na kurudi, ikamlegeza viungo, ikamla mwaka mzima mpaka ikafika moyoni. Alipokwisha kuzikwa ndipo daktari mmoja akamwambia mjane kwamba ile ilikuwa brusela, ugonjwa unaotoka katika maziwa mabichi. Tangu siku ile Timiro hakuonja tena maziwa yasiyopita motoni. Alipochaguliwa kuwa mhudumu, aliona Mungu amempa kazi na sababu yake kwa mkono mmoja.

Aliyekerwa na kazi hiyo kuliko wote alikuwa Khadijo, muuza maziwa wa stendi ya malori. Khadijo alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusimamisha lori lililokwisha ondoka. Vyombo vyake alivifukiza moshi wa kuni vizuri, na madereva waliapa kwamba harufu ya maziwa yake waliipata wangali kilomita tano nje ya mji. Mwaka mmoja Timiro alibandika ukutani, karibu na kibanda cha Khadijo, bango la serikali lenye picha ya ngamia na sufuria. Khadijo akalibandua kwa uangalifu bila kulichana, akalifunikia mitungi yake jua lisiipige.

"Maziwa yaliyochemshwa ni maiti," aliwaambia wateja. "Nani ananunua maiti?"

Tangu hapo wanawake hao wawili walisalimiana kwa dini tu, kwa kuwa salamu ni haki ya Mwislamu. Zaidi ya salamu hawakupeana kitu.

Ndipo lilipokuja gari la watafiti. Ndani yake alikuwamo Nasteha, binti wa Garissa mjini aliyesoma mpaka akapata udaktari wa mambo ya vijidudu, akarudi na miwani mikubwa na Kisomali chake kile kile. Wanawake walikusanywa katika ukumbi wa zahanati, wakapewa chai na mandazi, wakatia vidole gumba kwenye karatasi, naye akasimama kueleza.

"Ndani ya tumbo la kila mmoja wenu wanaishi vijidudu wa aina nyingi mno," alisema. "Wengi hawana ubaya. Wengine wanalishana, wengine wanapigana. Tunataka kujua nani anakaa na nani, na ni kundi gani likitawala mtu anakuwa na afya."

"Kumbe ni koo kama zetu," akasema mama mmoja.

"Ni koo," Nasteha akakubali.

"Na wana visima vya kugombania?"

"Na malisho pia."

Hapo wanawake walielewa sayansi yote, wakaanza kusikitikia matumbo yao. Nasteha akaendelea. Koo hizo, alisema, ni nyingi kiasi kwamba kompyuta za kawaida haziwezi kupima mahusiano yao yote hata zikipewa maisha ya mtu mzima. Hesabu hiyo itapelekwa ng'ambo, kwenye kompyuta ya kwanta. Ngamia akipotea, kompyuta ya kawaida hufuata nyayo za njia moja mpaka mwisho, ikimkosa hurudi, ikashika njia ya pili. Hii ya kwanta ni kama mtafutaji aliye katika njia zote kwa wakati mmoja.

Khadijo, aliyekuja kwa ajili ya mandazi, akainua mkono. "Na ngamia yuko njia ngapi?"

"Moja."

"Basi huyo mtafutaji wako, katika njia nyingine zote, anatafuta nini?"

Ukumbi ulicheka mpaka bati likaitikia. Nasteha naye alicheka, akasema hilo ndilo swali wanalogombania maprofesa. Akaongeza kwamba mashine yenyewe hukaa katika baridi kali kuliko baridi ya mahali popote duniani, na wanawake, waliokuwa wakijipepea kwa ncha za shela zao, wakaguna kwa wivu.

Kilichotakiwa kutoka kwao kilikuwa kidogo tu: choo, kiasi cha kijiko kimoja, ndani ya kikopo chenye nambari. Kinyesi chenyewe kingeishia Nairobi. Habari zake ndizo zingesafiri ng'ambo. Timiro akapewa vikopo arubaini, kisanduku cha barafu na siku tatu.

Siku hizo tatu alifanya kazi ya miaka mitatu. Aliwabembeleza wazee wa kike walioapa kwamba jambo hilo halijapata kuombwa tangu dunia iumbwe. Aliwatuliza wale waliohofia uchawi. Kwa wengine aliketi nje ya choo cha shimo, akingoja na kusoma dua. Jioni ya tatu alikuwa na vikopo thelathini na vinane, mbali na chake mwenyewe. Nambari thelathini na moja ilikuwa tupu, na karatasi yake ilikuwa na kidole gumba cha Khadijo.

"Nilitia kidole nikidhani ni orodha ya mandazi," Khadijo alimwambia. "Miaka yote unawaambia watu mkono wangu unaua, leo unataka na choo changu? Nenda, abaayo, dada yangu. Nenda kachemshe chako."

Asubuhi gari likaja. Nasteha alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba Modogashe ndiyo kituo pekee kilichoandikisha wanawake arubaini, na kwamba Mama Timiro ni mfano. Timiro alisimama nyuma ya nyumba yake, mkononi ana kikopo chake mwenyewe, nambari kumi na mbili, alichokuwa amekiacha mpaka mwisho kwa adabu ya mwenye nyumba anayekula baada ya wageni. Dereva alikuwa akipiga honi. Angesema nini? Kwamba katika mji wake mwenyewe kuna mwanamke aliyemshinda? Choo chake kilitosha vijiko viwili. Alijaza kumi na mbili, akajaza na thelathini na moja, akavifunga vyote viwili, akanawa mikono kwa sabuni kama anavyofundisha. Shahidi hakuwepo ila Mungu. Alidhani yameisha.

Miezi minane ikapita. Mashine ya ng'ambo ilikuwa na foleni kama zahanati yoyote. Kisha gari likarudi, safari hii limembeba na Profesa mwenyewe kutoka Nairobi, mtu mwembamba mwenye Kiswahili cha vitabuni na furaha ambayo hakuweza kuificha. Pembeni yake alikuwa Nasteha. Wakaomba waitiwe wanawake wawili, nambari kumi na mbili na nambari thelathini na moja.

Timiro hakuhitaji kufungua daftari.

Walikaa katika chumba cha chanjo, Khadijo kiti kile, Timiro kiti hiki, na urefu wa ukuta mzima katikati yao. "Mama zangu," alisema Profesa, "tumepima wanawake mia nne. Kompyuta imepata wawili, wawili tu, ambao matumbo yao hayatofautiani. Hata pacha hawafanani hivi. Hatujawahi kuona jambo kama hili. Je, nyinyi ni ndugu?"

"Mungu apishe mbali," akasema Khadijo.

"Mnaishi nyumba moja? Mnakula sinia moja?"

Khadijo aligeuza shingo taratibu, akamtazama Timiro. Alijua vizuri kwamba yeye hajampa mtu yeyote kitu chochote. Timiro aliona ufahamu ukimpanda usoni kama maji yanavyopanda kisimani, akajua ana pumzi moja tu ya kujiokoa.

"Ni maziwa," alisema. "Nakunywa maziwa yake. Kila siku."

Profesa akainama mbele. "Yamechemshwa?"

Mwanamke yeyote mwingine wa Modogashe angelijibu swali hilo kwa wepesi. "Kwa sababu kama yamechemshwa," Profesa aliendelea, "vijidudu wamekufa, na nadharia yangu inakufa nao."

"Mabichi," akasema Timiro.

Muuguzi aliyekuwa akipanga sindano dirishani aliacha kupanga.

Khadijo alilionja neno hilo. Kisha akazungumza Kiswahili chake cha stendi. "Brofesa, ni kweli kabisa. Huyu mama anakunywa maziwa yangu siku yote. Lakini anaona haya, anakunywa kwa kujificha. Mimi nasema, abaayo, kujificha ya nini? Maziwa yangu iko na ubaya?"

Profesa aliandika yote. Nasteha hakuandika kitu.

Walipotoka nje Khadijo alimshika Timiro mkono, kwa upole uliomwogopesha kuliko kofi. "Umetia choo chako katika jina langu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Kesho asubuhi njoo stendi, unywe kikombe kimoja mbele ya watu, kama kilivyotoka kwa ngamia. Kesho kutwa vilevile, na kila siku. Ukikosa siku moja, nitampigia Profesa. Nambari yake amenipa mwenyewe."

Kesho yake Timiro alikwenda. Malori matano yalikuwa yameegeshwa, na habari ilikuwa imekwisha tangulia. Khadijo akamimina polepole ili kila mtu aone. Timiro akamkumbuka mumewe, akasema bismillahi, akanywa. Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba yalikuwa matamu. Yalikuwa na ule moshi, na ile chumvi ya mbali ya majani ya porini, na miaka yake yote ya Habaswein ilikuwa ndani ya kikombe kile cha plastiki. Machozi yakamtoka. Watu wakasema ni toba.

Baada ya wiki moja hakukuwa na sufuria mekoni Modogashe. Kwa nini kupoteza kuni, ikiwa Kari mwenyewe anakunywa hadharani, na kompyuta ya ng'ambo imeshuhudia? Dereva mmoja aliandika kwenye kipande cha katoni, Maziwa ya Kompyuta, akakitundika kibandani. Mitungi ya Khadijo ilianza kupelekwa hadi Garissa. Timiro aliendelea kuzunguka na mkoba wake, akapima watoto, akahesabu wajawazito, lakini alipofungua kinywa kusema neno lake, wenye nyumba waliinamisha vichwa wakicheka ndani ya shela. Akaacha kulisema.

Kutoka mbali zilimfikia habari kwamba Profesa amesimama mbele ya wasomi wa nchi tatu akieleza jinsi jamii za wafugaji zinavyoweza kuwa na tumbo la pamoja. Nasteha alimwandikia kwenye simu: "Eeddo, shangazi yangu, Profesa anaomba usibadilishe chochote. Endelea na maziwa yaleyale. Tunakuja kupima tena."

Naye akaendelea. Mwezi wa tatu homa ikaja. Ilikuja alasiri, ikamtoa jasho la kulowesha godoro, ikaondoka, ikarudi. Magoti yakawa kama yamepigwa nyundo. Hakuna mtu katika kaunti nzima aliyezijua dalili zile kuliko yeye. Alikuwa amezisoma kwa sauti katika kila nyumba.

Asubuhi ya kwanza alipokosa stendi, Khadijo alingoja mpaka lori la pili. Kisha akachukua simu yake na kikombe, akaenda nyumbani kwa Timiro kumkumbusha ahadi. Alimkuta kitandani, amejifunika blanketi mbili katika joto lile, meno yanagongana.

"Leta," alisema Timiro, akijaribu kuinuka. "Nitakunywa. Usimpigie."

Khadijo alisimama mlangoni na kikombe chake. "Una nini?"

"Nina ile unayosema haipo."

Khadijo akakaa chini kwa uzito wake wote. Alimtazama mwenzake akijaribu kukunja goti na kushindwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo stendi haikuwahi kuisikia, "Na mtu akiwa na maumivu ya kiuno miaka miwili? Na jasho la usiku? Mimi nilisema ni uzee."

Walikwenda zahanati kwa mkokoteni wa punda mmoja. Daktari wa zahanati aliwatoa damu, akadondosha tone la kila mmoja kwenye kioo, akatia dawa ya kupimia, akatikisa. Ilichukua muda wa kunywa chai. Matone yote mawili yakaganda chembechembe kwa namna moja, alama ya brusela.

"Mnafanana," alisema daktari, bila kujua anasema nini.

Walipewa dawa za aina mbili, za kumeza kila siku kwa wiki sita. Nasteha alipokuja na vikopo vyake vipya, aliwakuta wamekaa mkeka mmoja nyumbani kwa Timiro, kila mmoja na pakiti yake. Alipoona zile pakiti alivua miwani. Dawa zile, alisema, zinaua vijidudu wabaya na wazuri bila kuuliza ukoo. Hakukuwa tena na kitu cha kupima katika matumbo yale.

"Hata cha kwanza hakikuwepo," alisema Timiro. Akaeleza yote: kijiko, kikopo, honi ya dereva. Alieleza macho yameinama, akingoja mbingu imwangukie.

Nasteha aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Timiro akadhani analia. "Eeddo," alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "siku ya kwanza majibu yalipokuja, nilimwambia Profesa kwamba hii inaonekana kama sampuli moja iliyogawanywa mara mbili. Kompyuta yangu ya mkobani iliona hivyo kwa dakika moja. Akaniambia mashine ya namna ile haikujengwa kwa ajili ya kukamata udanganyifu wa vijijini."

"Na sasa?"

"Sasa nitamwandikia."

Alimwandikia. Profesa hakujibu kwa mwezi mzima, na Nasteha akaanza kutafuta kazi nyingine. Kisha makala yakatoka katika jarida kubwa. Habari ya tumbo la pamoja haikuwamo. Makala yalieleza jinsi kompyuta ya kwanta ilivyoweza, kwa usahihi usio na mfano, kugundua sampuli iliyorudiwa miongoni mwa mia nne. Utafiti ulisifiwa sana, na Profesa akaalikwa nchi ya nne.

Timiro alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa zahanati kukiri, na mkoba wake wa buluu ameukunja tayari kuurudisha. Mkuu alimkaripia nusu saa, akamwandikia barua ya onyo, akamrudishia mkoba. Nani mwingine, alisema, atakubali kutembea mpaka kule mwisho wa malisho kwa posho ile?

Na Khadijo akaanza kuchemsha. Hakumtangazia mtu. Alinunua sufuria kubwa, akaiweka nyuma ya kibanda, na madereva walipolalamika kwamba maziwa yamebadilika, aliwaambia kwa sauti yake ya zamani kwamba asiyeyataka na anywe dizeli. Baadhi walimhama. Wengi walizoea. Yale aliyoshindwa Timiro kuyafanya kwa miaka tisa ya kusema, aliyafanya kwa miezi mitatu ya kunyamaza na kuumwa, na kila alipolifikiria hilo hakujua ashukuru au aghadhibike.

Jambo moja liliwaudhi wote wawili mpaka mwisho wa dawa. Daktari alikuwa amewakataza: vidonge vile vikikutana na maziwa tumboni, mabichi au yaliyochemshwa, ya ngamia au ya mbuzi, nguvu yake hupungua. Basi kila asubuhi, kwa wiki sita, muuza maziwa na mhudumu wa afya walikaa nyuma ya mitungi iliyojaa, wakanywa chai ya strungi, isiyo na tone la maziwa.

"Chungu," alisema Khadijo.

"Tia sukari," alisema Timiro, akamsogezea mkebe.